Mwaka Tuliocheza Ngoma Bila Watu

Wasukuma wana jambo moja ambalo sikulielewa nilipoolewa kwao: ngoma kwao si burudani, ni ugomvi. Mimi ni Mjita, nimezaliwa kando ya ziwa hili hili lakini upande wa Mara, na kwetu ngoma ilikuwa kitu cha harusini. Ukichoka unakaa, unakula. Nilipofika Mwanza nikiwa mwalimu mpya na bibi harusi mpya, mama mkwe wangu aliniuliza kabla hata ya kuuliza kama najua kupika michembe ya viazi vikavu, "Kwenu mko upande gani?" Nikamjibu kwamba kwetu hakuna pande. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwa mgeni wake hakuna choo.

Ilinichukua muda kujifunza. Kuna Wagalu na kuna Wagika, na upande wako unaurithi kama unavyorithi pua ya baba yako. Kiangazi kikifika, mavuno yakishaingia ndani, pande hizo mbili zinaingia uwanja mmoja, saa moja, kila moja na ngoma zake, na zote zinacheza kwa wakati mmoja. Jaji hakuna. Watu wanasimama katikati na miguu yao ndiyo inayoamua. Ukivutwa na Wagalu unasogea kwa Wagalu. Wagika wakifanya kioja unawahamia. Jioni upande wenye watu wengi ndio ulioshinda, na ule uliobaki na mbwa wawili na mlevi aliyesinzia unaenda nyumbani ukatunge nyimbo za mwaka ujao.

Na kulikuwa na sheria nyingine, ambayo mama mkwe aliishika kuliko amri za kanisani. Wimbo wa upande wa pili hauitikiwi. Unaweza kuusikiliza, unaweza kuucheka, unaweza hata kuutamani moyoni. Ukiuitikia umekubali kwamba umeshindwa, na utakumbushwa mpaka uzeeni.

Mama mkwe alikuwa Mgalu. Jirani yetu, mama mtu mzima wa umri wake, tuliyetenganishwa naye na ua wa minyaa tu, alikuwa Mgika. Walikuwa wameimbiana mafumbo tangu wakiwa wasichana. Mmoja akipata mjukuu, mwenzake alitunga wimbo juu ya masikio ya huyo mjukuu. Siku za kwanza nilidhani wanachukiana, nikawa nafanya kazi ya kuwapatanisha, mpaka mume wangu akaniomba niache kwa sababu nilikuwa nawaharibia raha yao.

Shule yetu iko juu ya mlima wa mawe upande wa Ilemela, na nyumba yetu iko chini, karibu na maji. Kila Agosti tunakuwa na siku ya utamaduni. Watoto wanajigawa kwa pande za wazazi wao, na watoto wa Kihaya, Kikerewe na Kijita wanakwenda walikovutwa na marafiki. Ngoma yenyewe ni ile ya majembe: wanaimba, wanalima hewa kwa mpigo mmoja, kisha wanayarusha majembe juu na kuyadaka. Wazazi wanajaa uwanja mzima, na mama mkwe wangu hakuwahi kukosa.

Mwaka ule wa corona binti yetu alikuwa darasa la saba, na kwa mara ya kwanza Wagalu walikuwa wamemchagua yeye kuimbisha. Bibi yake ndiye aliyemfundisha, tangu akiwa hawezi kunyanyua jembe na anatumia mwiko. Walikuwa na mpango wao wawili ambao mimi nilikuwa nausikia tu: mtoto ataimbisha wimbo mpya alioutunga mwenyewe, na bibi, akiwa mbele kabisa, ataitikia. Baada ya hapo mtoto angemaliza shule, na akifaulu angekwenda sekondari ya bweni, mbali, ambako hakuna mtu wa kumwuliza yuko upande gani.

Shule zikafungwa Machi. Mama mkwe ana pumu, ile ya kumkalisha kitandani akishika magoti, na mimi ni mtu ambaye nikiogopa nakuwa mkali. Nikafunga geti. Nikaweka ndoo ya koki na sabuni mlangoni, na hata kuku wangeweza kunawa ningewanawisha. Wageni niliwaambia wasalimie kutoka barabarani. Mume wangu alikuwa amekwama kwenye kazi Geita, basi nyumba ilikuwa na jemadari mmoja tu.

Mama mkwe hakubisha. Alikaa uani kwake, akajifukiza mwarobaini na mchaichai chini ya blanketi, akakonda kidogo. Aliyekataa amri zangu alikuwa yule jirani. Kila asubuhi alikuja kwenye minyaa, akavuta kitambaa chake mdomoni, akaita:

"Wee Mgalu, bado hujafa?"

"Nife nikuachie uwanja?" mama mkwe alijibu kutoka ndani.

"Uwanja ni wangu tangu zamani. Naulizia kitanda chako tu, kina mbao nzuri."

Wakicheka, mama mkwe alikohoa, na mimi nilitoka nje na mwiko mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba umwache apumzike."

"Marahaba, mwalimu. Nimevaa balakoa, angalia."

Niliwaona kama watoto wa darasa langu la nne siku ya mvua. Lakini siku moja jirani alichelewa, na nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni, kanga mabegani, amegeuzia sikio upande wa ua. Hakupumua vizuri mpaka aliposikia tusi lake. Baada ya hapo nilikuwa nabaki jikoni na mwiko wangu.

Shule zilipofunguliwa mwisho wa Juni, mambo yaligeuka magumu zaidi nyumbani, si mepesi. Binti alikuwa anakaa kutwa na mamia ya watoto, kisha anarudi kwenye nyumba yenye pumu. Nikachora mstari uani kwa mkaa. Mtoto upande huu, bibi upande ule, na kati yao nafasi ya kuanika mahindi. Chakula cha bibi nilikipeleka mimi. Mtoto alinuna, akaniambia mimi ni polisi. Nikamwambia ndiyo, na zamu yangu haiishi. Roho iliniuma, lakini nilimwona mama mkwe anavyopapasa akitafuta dawa yake ya kuvuta, na sikufuta mstari.

Wimbo wakaufanyia kazi hivyo hivyo, mmoja huku na mmoja kule. Ulikuwa wa Kisukuma na ulikuwa na kisirani. Ukiutoa kwa Kiswahili unakuwa hivi: mwimbishaji anauliza, "Wagika wako wapi, mbona majembe yana kutu?" na kundi linaitikia, "Wamelala." Anauliza tena, "Jua limefika utosini, nani atapalilia?" nao wanajibu, "Wamelala." Kulikuwa na ubeti mmoja uliomhusu mwanamke mmoja anayekoroma mpaka mbuzi wanakata kamba. Kila mtu kwenye mtaa wetu angejua ni nani.

"Wimbo usioitikiwa ni kelele," mama mkwe alimwambia mtoto jioni moja. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, siku hiyo nitausikia?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, si kama mtu anayedai. Mwaka mzima hakuwa ameniomba kitu. Nilijua kumpandisha mlimani haiwezekani, kifua chake kisingefika hata nusu ya njia, na kule juu kulikuwa na watoto wote wale. Kumsikilizisha kutoka nyumbani kuliwezekana, lakini kwa masharti ya ziwa. Asubuhi kunakuwa kimya, na kengele ya shule unaisikia mpaka majini. Mchana upepo unatoka ziwani na kupanda mlimani, na hapo sauti zote zinapanda tu, hazishuki. Ukikaanga dagaa chini, mwalimu mkuu anajua huko juu.

"Utausikia," nikasema. "Wataanza asubuhi."

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mgeni kwetu, mtu wa nyanda za juu kusini, mpole, mwenye kuogopa makosa. Siku ya utamaduni aliikubali kwa shingo upande. Mikusanyiko ilikuwa imemtia homa. Akaweka utaratibu: wazazi wasije, watoto waachiane mita moja, na washindi wapatikane kwa alama, walimu watatu wakae mezani na kupima. Nilikuwa mmoja wa watatu hao kwa kuwa sikuwa na upande. Kuhusu mita moja tulimwambia asihangaike. Anayecheza na jembe anaachiwa nafasi kubwa kuliko hiyo, corona iwepo isiwepo. Lakini watoto hawakuelewa hizo alama.

"Mwalimu," mtoto mmoja wa Wagika aliniuliza, "kama hakuna watu, tutamvuta nani?"

Nikamwambia atuvute sisi walimu. Akatutazama mmoja mmoja, akaondoka hajaridhika.

Nilimwomba mwalimu mkuu tuanze saa mbili asubuhi, nikamweleza kwa nini. Alikubali bila maneno mengi, na nilimpenda kwa hilo. Siku yenyewe ikafika, watoto wakajipanga, majembe mabegani, vitambaa vya rangi viunoni. Ndipo ikaja simu kwamba kuna ofisa anapita kukagua vibuyu chirizi vya kunawia, na kwamba tumsubiri asije akakuta watoto wako uwanjani. Tukamsubiri. Jua likapanda. Saa nne ikapita, watoto wakakaa chini kwenye vumbi. Ofisa alipofika alikagua kibuyu kimoja, akasifu, akanywa soda, akaenda zake. Mpaka hapo upepo ulikuwa umeshaanza kuchezea majani ya miti na mimi nilikuwa nimeshaanza kuchezea kalamu yangu kwa hasira. Nikafikiria kuomba tuahirishe, lakini darasa la saba walikuwa wanaanza mitihani ya majaribio wiki ile, na siku nyingine haikuwepo.

Binti yangu alikuja mezani. "Mama, upepo."

"Nauona."

"Bibi hatasikia."

Nikamrekebisha kitambaa chake kiunoni, kilichokuwa kimekaa sawasawa kabisa, nikamwambia arudi kwenye mstari.

Ngoma zikapigwa, na hapo ndipo mpango wa mwalimu mkuu ulipofikia mwisho. Ngoma ya Wasukuma ina kazi moja, kuwaita watu, na huwezi kuiambia iite kwa adabu. Walianza kutokea juu ya mawe. Mama mmoja na mtoto mgongoni, fundi baiskeli na spana yake, wanawake wa kuanika dagaa na vitambaa vyao puani. Mlima wetu ni mawe matupu, makubwa na madogo, na kila mtu alijichagulia la kwake akakaa. Mwalimu mkuu alisimama.

"Nani amewaita hawa?"

"Ngoma," mwalimu wa darasa la pili alimjibu.

Akawahesabu kwa macho, akaona kila mtu yuko peke yake juu ya jiwe lake, mbali na mwenzake kuliko alivyowahi kufanikiwa kuwaweka watoto. Akakaa, akasema haya, ila asishuke mtu. Hiyo iliwaumiza kidogo, kwa sababu mtu asiyeruhusiwa kusogea hawezi kusema nani ameshinda, lakini walitii. Miguu ikabaki inacheza juu ya mawe pale pale.

Mbali kidogo, chini kwenye kona ya njia, katikati ya shule na nyumba yetu, nilimwona jirani yetu. Magoti yake hayakumruhusu kupanda zaidi. Alikuwa ameegemea jiwe lile kubwa linaloinamia njia, amekuja kumwona mjukuu wake, aliyekuwa anapiga ngoma ya Wagika na anapiga vizuri, sitaficha.

Binti yangu akaanzisha wimbo. "Wagika wako wapi, mbona majembe yana kutu?" Kundi likaitikia, majembe yakapanda, yakang'aa, yakadakwa. Ilikuwa nzuri. Nilipaswa kuandika alama na nilikuwa sijaandika hata moja. Akauliza mara ya pili, wakaitikia, na nikaona macho yake hayapo uwanjani. Alikuwa anatazama chini, kwenye bati letu. Mara ya tatu akaimba mstari wake kisha akanyamaza kabisa, jembe limesimama mbele yake. Wenzake walilima bila wimbo, wakaangaliana. Wagika upande wa pili waliona nafasi, wakaongeza ngoma.

Nilimjua mtoto wangu. Hakuwa amesahau. Alikuwa anasubiri jibu ambalo lisingekuja, kwa sababu kule chini swali lenyewe halijafika. Nilitaka kuinuka niende nikamshike, na nilitaka pia kumpigia kelele aendelee, yote mawili kwa pamoja, na kwa kuwa sikuweza kuchagua nilibaki mezani.

Akaimba tena, kwa nguvu zaidi, sauti ikipasuka mwishoni. "Wagika wako wapi?"

Jirani yetu akajisukuma kutoka kwenye jiwe. Akatugeuzia mgongo, akaelekea ziwa, akashusha kitambaa chake mpaka kidevuni, kwa kuwa pale hakukuwa na mtu wa kumwambukiza. Kisha akautupa ule mstari chini ya mlima. Aliuimba wote, neno kwa neno, kwa sauti yake ya kukwaruza kama chungu kinachosuguliwa, sauti ambayo miezi yote ile ilikuwa imevuka minyaa. Kutoka pale kwenye kona mpaka kwetu si mbali, hata upepo ukikataa.

Ngoma za Wagika zilipoteza mpigo. Watu juu ya mawe waligeuka wote kumtazama. Mgika, mtu mzima, anabeba wimbo wa Wagalu, na mjukuu wake yuko uwanjani anaona. Kila mmoja pale alijua anachokitoa. Binti yangu pia alijua. Akaimba ubeti unaofuata, ule wa mwanamke anayekoroma mpaka mbuzi wanakata kamba, kwa sababu ndio uliokuwa unafuata na wimbo haurukwi. Jirani yetu akausikiliza mpaka mwisho. Akavuta pumzi, akauteremsha nao, mbuzi na kamba na yote, bila kupunguza hata kidogo.

Tukasubiri. Mwalimu mkuu aliniinamia akaniuliza kuna nini, nikamwashiria anyamaze, mimi, kumnyamazisha mwalimu mkuu.

Upepo ule ule tuliokuwa tumeulaani tangu asubuhi ukatuletea jibu. Sauti ya mama mkwe wangu ilipanda mlimani ikiwa nyembamba, yenye mkwaruzo wa pumu, lakini kila neno likiwa limekaa mahali pake. Wote tulikuwa tunajua jibu. Watoto walikuwa wameshafungua midomo kuimba naye "Wamelala."

Hakusema wamelala. Aliimba, "Mmoja yuko macho."

Jirani yetu aliganda palepale kwenye kona. Akakaa chini juu ya njia, miguu mbele kama msichana, akajifunika uso kwa kitambaa chake.

Binti yangu hakumtazama mtu. Aliinua jembe lake, akauliza upya tangu mwanzo, Wagika wako wapi, na kabla kundi lake halijakosea aliwaimbia yeye mwenyewe jibu jipya, mara moja tu, wakalidaka. "Mmoja yuko macho," Wagalu wakaitikia. Kwenye mawe mtu akaitikia, sikumwona nani, kisha mwingine, wa upande huu na wa upande ule, mpaka mlima mzima ukawa unajibu, na yule mjukuu wa jirani akaanza kuupigia ngoma.

Chini, kwenye bati letu, mlango wa uani ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ametoka mpaka kwenye mstari wangu wa mkaa na kusimama hapo hapo, hakuuvuka, mikono yote miwili juu.